Sifuri Kwenye Kizunguzungu

Dodoma, 6 Februari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta dukani umekaa kwenye kile kiti cha waya, na Mama hajambo. Mimi ni mzima, ila kazi inanikimbiza. Bahasha nimempa kondakta wa basi la asubuhi pamoja na zabibu za Mama. Najua unapenda niandike kuliko nipige simu, maana ukiweka simu sikioni unapaza sauti mpaka wateja wanajua nimekula nini.

Uliniuliza ninafanya kazi gani hasa, kwa sababu ukiulizwa msikitini unajibu "kompyuta" halafu unabadilisha mazungumzo. Ngoja nikueleze. Kila siku watu wanafanya utafiti wa dawa, na kila mmoja anaandika matokeo kwa namna yake. Huyu anajaza kurasa arobaini, yule anachora jedwali, mwingine anaficha jibu kwenye maandishi madogo chini ya ukurasa. Daktari wa zahanati hana muda wa kusoma yote hayo, na kompyuta haiwezi kuyaelewa hata kidogo. Sisi ni kundi la watu wa nchi nyingi tunaokutana mtandaoni kila Jumanne, tunatunga utaratibu mmoja. Dawa ilijaribiwa kwa nani, ilisaidia kiasi gani, ilidhuru kiasi gani, na tuna uhakika kiasi gani: kila jibu liwe na kisanduku chake, na kisanduku hicho kiitwe jina moja kila mahali. Hapo kompyuta yoyote inaweza kuusoma utafiti, ikapiga hesabu yenyewe na kumwonyesha daktari.

Sasa habari yenyewe. Kundi limekubali mfano wa kwanza kutoka kwetu uwe ule utafiti wa kidonge cha presha uliofanyika Babati, mliokuwemo wewe na mzee Vitus wa Bonga. Mimi ndiye ninayeuandika. Zahanati moja hapo mjini itapewa kishikwambi cha majaribio chenye matokeo hayo ndani. Mkutano mkubwa ni mwezi wa tano. Mfano ukipita nitaajiriwa moja kwa moja, niachane na hii mikataba ya miezi miezi. Niombee, maana siku hizi siwezi hata kunywa chai nimekaa.

Dawa unameza? Presha ikoje?

Mwanao,
Hanifa


Babati, 11 Februari 2025

Hanifa mama,

Marahaba. Zabibu zimefika, na nusu mama yako amezila kabla hajanionyesha. Huku sote wazima. Presha iko mahali pake, dawa nameza, usijisumbue na mimi. Mvua inasuasua, watu hawanunui majembe, wanakuja dukani kunichakazia benchi tu.

Kazi yako nimeielewa kuliko unavyodhani. Mimi nauza spea. Nati ya kumi ni ya kumi, iwe imetoka India au China, ndiyo maana fundi wa Mutuka anamtuma mtu kwangu bila kuja mwenyewe. Kama mnataka utafiti nao uwe hivyo, mko sawa. Msikitini sasa nitasema mwanangu anawapangia madaktari nati zao.

Ila nina swali. Nati mbovu nikiiuza inarudi siku hiyo hiyo, na mwenye nayo ananisema mbele ya wateja. Jibu lenu likiwa bovu linarudi kwa nani? Unijibu hilo vizuri, nimeliwaza tangu juzi.

Kishikwambi chenu kimefika. Tabibu aliyepewa ni kijana anaitwa Wiliam, ana adabu, anakipangusa kila akimaliza mgonjwa. Watu wanakwenda zahanati na kikohozi kilichopona ili mradi wakione. Vitus alikuja jana kuchukua jembe la plau. Akakaa kuliko kawaida yake, na alipoinuka akashika mlango, akasema siku hizi akisimama dunia inachelewa kusimama naye. Nikamwambia apunguze pombe. Akasema angekuwa amekunywa angalau angeonja utamu wake. Tulicheka sana.

Nakutumia mbaazi, za shambani kwake huyo huyo. Mama yako anakusalimu.

Baba yako


Dodoma, 25 Februari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mbaazi nimepika na nazi, jirani wamenusa wakaja na sahani zao. Nimefurahi kusikia wote hamjambo na presha imetulia. Mimi mzima, nakimbia tu.

Nimefika kwenye kisanduku cha madhara, na nimekuta jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Vidonge vya aina hii kwingine huwapa watu kizunguzungu wanaposimama. Kwenu Babati, mwaka mzima wa kupigiwa simu kila mwezi, hakuna hata mtu mmoja aliyekitaja. Sifuri. Dkt. Ludovick, mkuu wa utafiti ule, anasema huenda ni miili ya watu waliozoea kulima na kutembea. Wenzetu wa kundi wamechangamka mno, na nchi tatu zimeomba wapewe mfano huo hata kabla ya mkutano. Kishikwambi cha Wiliam tayari kinaionyesha hiyo sifuri, nimeiweka mwenyewe wiki iliyopita.

Kuhusu swali lako, jibu bovu linarudi kwetu. Kila tokeo linaandikwa jina la aliyeliingiza, na anaweza kulirekebisha akileta sababu. Kwenye hili kuna jina langu, Baba. Ukienda zahanati mwombe Wiliam akuonyeshe.

Ramadhani imekaribia. Muulize tabibu saa za kumeza dawa ukiwa umefunga, usijipangie mwenyewe.

Mwanao,
Hanifa


Babati, 9 Machi 2025

Hanifa mama,

Marahaba. Funga inakwenda vizuri, huku sote wazima.

Hapana. Nimeandika hivyo kwa mazoea na karatasi ninayo hii moja, kwa hiyo iache hapo juu lakini usiisome. Mama yako ni mzima. Mimi kile kidonge sijakimeza tangu mvua za vuli. Mama yako ananiletea na maji, nakunywa maji, kidonge nakitia mfukoni, nikifika dukani nakitupa. Yeye anajua nameza.

Sababu ni hii. Kila nikiinuka kutoka sujudu msikiti ulikuwa unazunguka. Nikahamia kwenye nguzo ya nyuma niweze kushika. Watu wakadhani nimezidi ucha Mungu, nataka kuswali peke yangu. Nilipoacha kidonge, msikiti ukatulia.

Juzi mkewe, Mama Conjesta, alimlazimisha Vitus kwenda kwa Wiliam akaseme ukweli. Akasema. Wiliam akatazama kishikwambi, akamwambia dawa hii kwa watu wa huku haileti kizunguzungu, itakuwa umri na kutokunywa maji ya kutosha. Na kwa kuwa presha yake ilikuwa juu, akamwongezea. Vitus amerudi kwangu na vidonge vingi kuliko alivyokwenda navyo, anacheka, na mimi nimecheka naye, lakini tangu hapo sijatulia.

Sasa unataka kujua kwa nini hatukusema. Aliyekuwa anapiga simu ni binti anaitwa Zawadi, sauti ya upole, adabu kamili. "Shikamoo baba. Hujambo? Unaendeleaje na dawa?" Ulitaka nimjibu nini? Mtoto wa watu ameniamkia, niko dukani, wateja wamesimama, nianze kumsimulia kichwa kinavyozunguka na mkojo unavyonikimbiza? Nilijibu kama mtu mzima anavyojibu. Vizuri mwanangu, namshukuru Mungu, kwenu hawajambo? Vitus naye alijibu hivyo hivyo, na sidhani kama kuna mtu wa Nakwa au Mutuka aliyejibu tofauti. Ungenisikia nikimlalamikia binti wa watu kwenye simu, wewe mwenyewe ungeona aibu.

Sifuri yenu ni watu waliokuwa wanaitikia salamu. Iondoe kabla haijamuumiza mtu.

Baba yako


Dodoma, 11 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma palepale stendi, nikatafuta pa kukaa. Kuacha dawa ya presha bila kumwambia mtu ni hatari kuliko hicho kizunguzungu. Unaweza kuamka siku moja upande mzima wa mwili haufanyi kazi. Nenda hospitali kesho, usiende kwa Wiliam, waambie yote wakubadilishie. Na umwambie Mama. Usipomwambia nitamwambia mimi.

Kuhusu sifuri, siwezi kuiondoa kwa barua ya baba yangu. Utafiti ulifungwa mwaka jana. Kila simu ina jibu lake, na jibu limeandikwa hakuna. Mle ndani mko zaidi ya mia tatu, wewe na mzee Vitus ni wawili. Nikienda kwa Dkt. Ludovick nikamwambia wazee wawili waliona haya kusema, ataniuliza kama hii ndiyo sayansi niliyosomea. Nimebakiza miezi miwili nifike kwenye mkutano, na kazi yote ninayoitafuta imekaa juu ya mfano huu.

Na kusema kweli, Baba, mliulizwa. Mngesema.

Mwanao,
Hanifa


Dodoma, 28 Machi 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo tena. Sijapata neno lako. Kondakta anasema bahasha ulipokea mwenyewe. Nikimpigia Mama ananiambia hujambo, umekwenda Bonga. Kila nikipiga umekwenda Bonga. Niliandika kwa ukali kwa sababu niliogopa. Niliogopa kwa ajili yako, na niliogopa kwa ajili ya kazi, nikachanganya yote kwenye karatasi moja.

Nikuambie nilichofanya. Zile simu zilirekodiwa, na anayeingiza tokeo anaruhusiwa kurudi kwenye chanzo. Nilifungua nikitaka kukuthibitishia kwamba umekosea. Nikaanza na watu nisiowajua. Halafu nikafika kwako.

Zawadi anakuamkia, unaitikia. Anauliza unaendeleaje na dawa, unasema vizuri, namshukuru Mungu. Kisha wewe unamuuliza yeye mbona sauti imekauka, kama amekula, na unamwagiza achemshe tangawizi. Anacheka, anakushukuru, simu inakatika. Hakuna aliyeuliza neno jingine. Mzee Vitus alimsimulia ng'ombe aliyezaa ndama wawili, mpaka jina la ndama. Nimesikiliza siku nzima, kesho yake tena. Wote ni wazima, wote wanaulizia kwao Zawadi. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, kwa sababu nilikuwa nawasikia watu wa nyumbani.

Zawadi hana kosa. Karatasi yake ilikuwa na sehemu moja, madhara, yapo au hakuna. Na utaratibu wetu wa dunia nzima nao una visanduku viwili tu, yapo au hakuna. Aliyesalimiwa akaitikia hana mahali pake. Visanduku hivyo tulivitunga sisi, mimi nikiwemo, na hakuna aliyewaza kwamba mtu anaweza kuulizwa hali yake bila kuulizwa chochote.

Nimempigia Wiliam kumwambia asiutumie ukurasa ule. Anasema hana ruhusa ya kuupuuza mpaka aandikiwe na wakubwa, na wakubwa wanasubiri mkutano. Kwa hiyo mwambie mzee Vitus mwenyewe aende hospitali asikingoje kishikwambi. Na uniambie kama wewe ulikwenda. Idi njema, kama barua itawahi.

Mwanao,
Hanifa


Babati, 6 Aprili 2025

Hanifa mama,

Marahaba. Nilikasirika siku mbili tu, hasira zangu unazijua. Baada ya hapo nilikosa nafasi.

Vitus ameanguka. Ni siku chache baada ya ile barua yako ya stendi. Alikuwa anakamua asubuhi, akainuka na ndoo, akaenda chini, kichwa kikagonga jiwe la zizi. Yupo hospitali. Anafumbua macho, lakini mimi ananiita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Mama Conjesta haondoki pale, Conjesta ameolewa Singida na ana mtoto mchanga, kwa hiyo nani akamue? Ndiyo maana nilikuwa Bonga, na mama yako nilimkataza kukuambia kwa simu. Muuza spea nimekaa chini ya ng'ombe, nao wananigeukia kuniangalia wakishangaa. Wa kwanza alinipiga teke, sasa tumezoeana.

Mimi hospitali nilikwenda. Wamenibadilishia, hiki kipya hakizungushi. Mama yako amejua. Hanisemeshi, ananiwekea chai kwa kishindo mpaka inamwagika, na kidonge ananitazama mdomoni nikimeza.

Sasa sikiliza. Sikuweza kukaa. Nimezunguka na pikipiki Nakwa yote, Mutuka yote, na hapa mjini, kwa wale waliokuwa kwenye utafiti. Nawaambia hivi: mimi kile kidonge kilinizungusha, Vitus kimemwangusha, je wewe? Hakuna aliyekataa. Wote wanasema ndiyo, Baba Hanifa, na sisi kilituzungusha. Hata Salvatory wa Mutuka amekubali, ingawa nadhani yeye alijitoa mapema. Wamenikaribisha uji, wametikisa vichwa, wamesema ni kweli kabisa.

Kwa hiyo huna wawili tena. Ulisema tungesema, na sasa tumesema. Andika.

Baba yako


Dodoma, 8 Aprili 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa mzee Vitus, na umpe pole Mama Conjesta. Tangu nisome siwezi kutulia, nainuka, nakaa, nainuka. Nahesabu siku kati ya barua yako ya kwanza na siku aliyoanguka, na kila nikihesabu nakuta nilikuwa na nafasi ya kufanya kitu. Ahsante kwa kwenda hospitali. Mama muache akasirike, ana haki yake.

Lakini nakuomba uache kuzunguka. Najua utasema nimeanza tena. Baba, ulifika kwa watu wanaokuheshimu, ukawaeleza kwanza yaliyokupata, ukawaambia rafiki yako yuko hospitali, ndipo ukawauliza. Nani angekukatalia, na umekaa kwenye mkeka wake? Mzee Salvatory hakumeza hata kidonge kimoja, nimeangalia. Walimpa Zawadi jibu la heshima, na wewe wamekupa jibu la heshima. Sifuri imegeuka kuwa watu wote, na mimi bado sijui kitu. Mbaya zaidi, kuna waliozungushwa kweli, na sasa siwezi kuwatofautisha na waliokuonea huruma.

Nitakachofanya ni hiki. Nitakwenda kwa Dkt. Ludovick na hizo rekodi. Kwenye mkutano nitaomba sifuri iondolewe na kiongezwe kisanduku cha tatu, cha haijulikani. Na nitaomba kanuni: anayejibu ni mwenye mwili wake. Aulizwe baada ya salamu kuisha, jambo moja moja, akiwa peke yake, na mtu asiyemweleza kwanza ya kwake. Asijibiwe na mke, wala rafiki, wala binti yake. Bila hivyo kila nchi itajaza huruma zake na heshima zake, na kompyuta itazijumlisha zote kama ukweli.

Nikisimama kusema hayo, mfano wangu mwenyewe utaanguka, na kazi niliyokuombesha dua sitaipata. Nimekubali.

Niambie hali ya mzee Vitus, hata kwa mstari mmoja.

Mwanao,
Hanifa


Babati, 2 Mei 2025

Hanifa mama,

Marahaba. Tumemzika Vitus Jumanne.

Alikuwa ameanza kula. Jumamosi aliniita Mustapha, jina langu kabisa, akauliza habari za ng'ombe wake, nikamwambia wamenizoea. Akacheka. Jumapili hakuamka. Conjesta alifika na mtoto mgongoni, akamkuta baba yake tayari amefunikwa.

Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Gari la jeneza lilikwama kwenye tope kabla ya kufika kwake, tukabeba jeneza kwa zamu. Nilibeba upande wa mbele, na nilibeba mpaka mwisho, vijana waliponiomba niwapishe nilikataa. Wiliam alikuja. Alisimama nyuma kabisa, kwenye mahindi, hakuna aliyemkaribisha. Nikaenda nikasimama naye. Kijana alisoma kilichoandikwa, mimi sina ugomvi naye. Aliniambia kishikwambi wamekuja kukichukua wiki iliyopita, kwa hiyo najua ulikwenda kwa huyo Ludovick. Ahsante mwanangu. Ungewahi, lakini ahsante.

Kuzunguka nimeacha. Ulinikera uliposema wale watu walinionea huruma. Nikarudi kwa Salvatory nikamuuliza vizuri, akaangalia chini, akasema hakutaka kunivunja moyo. Nikanywa uji wake.

Sasa ninalo ombi moja, na mwaka huu sitakuomba kingine. Sijui kama ni dawa iliyomwangusha, au umri, au utelezi. Daktari nimemuuliza, naye hajui. Lakini kizunguzungu alikuwa nacho. Aliniambia kwenye benchi langu. Alishika mlango wangu. Mama Conjesta alimshika mkono kila asubuhi akitoka kitandani. Ukifika pale kwenye visanduku vyako, Vitus muandike ndiyo. Asiondoke duniani akiwa amehesabiwa kwenye ile sifuri.

Baba yako


Dodoma, 20 Juni 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama ameniambia umepungua, na kwamba bado unakwenda Bonga kuwaangalia ng'ombe ingawa Conjesta amepata mtu wa kuwakamua. Usile juujuu tu, kaa chini ule. Mimi ni mzima wa mwili. Nimechelewa kuandika kwa sababu barua hii niliianza mara nyingi nikaichana.

Nianze na yaliyo mepesi. Dkt. Ludovick alinifokea, akanifukuza ofisini kwake, halafu wiki nzima hakunisemesha. Kisha akaniita. Alikuwa amekaa kuzisikiliza zile simu mwenyewe. Akasema alimsikia mjomba wake mle ndani, ambaye yeye mwenyewe alimuuguza alipovimba miguu, akimwambia Zawadi yeye ni mzima kabisa. Ndiye aliyeomba kibali watu waulizwe upya. Mkutanoni tulisimama pamoja. Sifuri imeondolewa, na zile nchi tatu zimeandikiwa. Kisanduku cha tatu kimekubaliwa. Kanuni yangu ilibishaniwa siku mbili. Wengine walitaka ndugu aruhusiwe kujibu, wakasema itarahisisha kazi, nami nikawasimulia habari ya mzee mmoja mwenye pikipiki, bila kumtaja jina. Walicheka, kisha wakapiga kura, na imepita. Mfano wetu haukupita, utarudi mwakani. Kazi sikupata. Nimepewa mkataba mwingine wa miezi sita.

Zawadi amekuja huko, najua, maana ameniambia. Anasema ulimkaribisha, mkamaliza salamu zote, ukamtoa Mama sebuleni, ukamwambia "haya, uliza sasa," na ukajibu kila kitu bila kuficha, hadi ya chooni. Anasema mlitoka jasho wote wawili. Jibu lako limeingia, Baba. Kizunguzungu, ndiyo. Wapo wengine waliosema ndiyo na wapo wengi waliosema hapana, na safari hii hapana zao nazo naziamini. Kidonge kitaandikwa tahadhari yake. Tabibu atakayefungua ukurasa ule atajua amwambie mgonjwa ainuke taratibu, na asimwongezee dawa kabla ya kumpima akiwa amesimama.

Sasa mzee Vitus.

Zawadi alikwenda Bonga. Mama Conjesta alimweleza yote, asubuhi baada ya asubuhi, namna alivyokuwa anamshika mkono. Zawadi aliandika, akaniletea; alichokisema mzee mwenyewe kwa Wiliam hakikuandikwa popote. Ninayo na barua yako, ile ya mwezi wa pili, ambayo niliisoma nikala mbaazi nikasahau kuuliza. Nilikaa mbele ya kompyuta na kisanduku chake kitupu. Dkt. Ludovick alikuja akasimama nyuma yangu, akaniambia polepole kwamba nikimwekea ndiyo yeye hataona. Angeniachia kweli.

Sikuweza, Baba. Anayejibu ni mwenye mwili wake. Niliyasema hayo mimi, mbele ya watu wote wale, nikawashinda. Wapo watu nchi nyingine wenye wajane kama Mama Conjesta na marafiki kama wewe, nao walitaka ndiyo zao ziingie, nikawakatalia. Nikimfungulia mzee Vitus mlango kwa sababu alikuwa rafiki wa baba yangu, sina la kuwaambia hao. Na kisanduku chake kingesema kitu ambacho hakuna aliyekiuliza kwake akiwa hai. Tulimuuliza kama hajambo, akatutajia jina la ndama.

Nimemwandika mwenyewe, sikumpa mtu mwingine. Kwenye sifuri hayumo tena, hilo nimekutimizia. Kizunguzungu: haijulikani.

Nililia ofisini mpaka wenzangu wakadhani nimeachishwa kazi. Mama Conjesta sijui utamweleza vipi. Usimwambie kwamba hatukumwamini, kwa sababu nilimwamini kila neno. Kama ni rahisi zaidi, usimwambie chochote, nitakuja mwenyewe mwezi ujao nikakae naye. Wewe na mimi tunajua alikuwa na kizunguzungu, na haitoshi.

Mwanao,
Hanifa